Nilipigwa makofi leba mara ya kwanza, sasa naogopa kurudi. Nizalie nyumbani?

Jina limefichwa

Asalam aleikum wote, admin ahsante kwa kunifichia jina. Mimi ni wa Lamu, kisiwa cha Pate huku, kijiji sitataja sbb twajuana wote. Nina mimba ya pili, mwezi wa nane unaishia, na kila nikiifikiria leba moyo wanienda mbio hata usingizi sipati. Swali ni moja lkn lina maneno mengi, nivumilieni.

Mtoto wa kwanza nilizaa hospitali ya serikali huku huku pwani, msiniulize ipi. Tulitoka nyumbani na boti usiku, tukafika uchungu umeshika kwelikweli, mamangu akaambiwa abaki getini mimi nikaingizwa peke yangu. Nesi akanipima njia akasema bado, nenda ukatembee. Nikatembea. Nikarudi nikamwambia sista nahisi mtoto yuaja, akanijibu "wewe ndo nesi ama mimi?" akaendelea na simu yake. Kitanda hakina pazia, mwanamume wa kufagia apita na ndoo yake na mimi nimelala nimefunuliwa, buibui nshavuliwa, leso yangu imetupwa chini ati chafu. Nilipolia akaja akanipiga kofi la paja, akaongeza la pili, akasema mbona wakati wa kutengeneza hukupiga kelele. Mbele ya watu. Walikuwepo na wanafunzi, wawili wanaume, hakuna aliyeniuliza kama nataka waniangalie. Kisha akaja mwengine akanikandamiza tumbo kwa kiwiko mpaka nikaona giza. Nikachanwa bila kuambiwa, nikashonwa bila ganzi, nikisema sista naisikia sindano anambia nyamaza usije ukashonwa vibaya. Nilipomaliza nikaambiwa nishuke nipanguze damu yangu mwenyewe, na ile ile leso.

Mtoto mzima alhamdulillahi, sai akimbia nyumba nzima. Lkn sijawahi kumweleza mtu yote haya, hata babake. Mamangu nilimgusia akanambia leba ndo ilivyo mwanangu, sote tumepigwa. Mavyaa asema nisirudi huko kabisa, kuna mkunga mtaani kwetu mikono yake myepesi, amezalisha nusu ya kijiji. Babake mtoto yeye hataki kusikia habari ya nyumbani, asema hospitali hulipi kwa nini walete mambo.

Sasa nizalie nyumbani ama nirudi? Na kama ni kurudi nafanyaje wasinifanyie tena? Na yale yalikuwa kawaida kweli ama mimi ndo mdekaji?

BiMwana wa Langoni

Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana, na hukudeka. Uchungu hauna aliyeuzoea, na anayempiga mtu aliye juu ya kitanda cha kuzalia hana la kujitetea.

Mimi nshakuwa bibi. Wanangu niliwazaa nyumbani hapo Langoni, isipokuwa kitinda mimba. Mkunga wetu hakunilaza chali, nilizaa nimechutama nimeshika mguu wa kitanda, mamangu nyuma yangu kanishika kiuno, mlango umefungwa, hakuna mwanamume apitaye hata uani. "Haya mwanangu, bado kidogo, bado kidogo," ndo maneno niliyokuwa nikiyasikia. Nikiwasikia nyinyi mwazungumza ya hospitali wallahi nasikitika, sbb tulichopewa sisi na mtu asiyejua hata kusoma mwanyimwa nyinyi na waliokisomea.

Lkn sikiliza na upande wa pili, maana wanaousifu uzazi wa nyumbani hili huliruka. Wifi yangu alizaa nyumbani huko huko visiwani kwenu, na mkunga hodari kama huyo uambiwaye. Mtoto katoka vizuri, vigelegele vishapigwa, kumbe kondo la nyuma limebaki. Damu ikawa yaja. Leso ya kwanza, ya pili, mpaka godoro. Wanaume wakakimbilia pwani, maji yamekupwa, boti imekaa juu ya tope, ikabidi kungoja maji yajae. Ilipoelea alfajiri hapakuwa tena na haja ya safari. Mkunga hakumkosea kitu, alilia kutushinda sisi. Hakuwa na dawa tu.

Kwa hiyo mavyaa wako mheshimu lkn usimfuate kwa hili.

Mpwani Halisi

Wanawake wa sai mmezidi. Nyanya zetu walizaa shambani wakainuka wakaendelea kulima. Kofi la paja ni la kukuamsha usukume mtoto asichoke. Umetoka na mtoto hai, shukuru.

BiMwana wa Langoni

@Mpwani Halisi hizo nyanya zako ndo sisi, na hakuna aliyetupiga. Kaa kando wakubwa wazungumze.

Sista wa Malindi

Mimi ni nesi mkunga, leba ndo kazi yangu, niko Malindi. Nitaandika marefu kwa sbb swali lako nalisikia sana na mara nyingi linakuja kwa kunong'onezwa.

Tuanze na hilo la kofi kwa vile mwenzetu hapo juu ameleta jibu ambalo hata baadhi ya wenzangu kazini hulitoa. Hakuna mahali katika masomo ya ukunga palipoandikwa kofi. Mama akipigwa anakaza mwili, anashika pumzi, na mama aliyekaza hasukumi vizuri. Mtoto akichoka kuna namna ya kumsaidia, unasikiliza mapigo ya moyo wake, unamgeuza mama alale ubavu, unamwita daktari, ikibidi mtoto anavutwa kwa vakyumu ama mama aende thieta kupasuliwa. Kofi ni hasira za mtu zimepata pa kutua.

Hilo la kiwiko tumboni. WHO, shirika la afya duniani, walitoa miongozo ya uzazi 2018 na humo wamesema waziwazi kumkandamiza mama tumbo la juu ili mtoto atoke ni jambo lisilopendekezwa. Lkn hapa nataka uelewe tofauti, sbb kuna kitu kinachofanana na hicho na wengi hufikiri ni ukatili. Mtoto na kondo vishatoka, nesi atakushika tumbo karibu na kitovu akusugue kwa nguvu. Inauma, sikudanganyi. Hapo yuaangalia kama mfuko wa uzazi umekaza, kwa sbb ukilegea ndipo damu inapomwagika kama ilivyomkuta huyo wifi ya BiMwana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huyo msugua-tumbo usimkatalie. Ila anafaa akwambie kwanza anachofanya na kwa nini, na asipokwambia muulize.

Kuchanwa njia pia si kila mzazi wa kwanza lazima achanwe, hiyo ilikuwa mazoea ya zamani. Kuna wakati inahitajika kweli, na hata hapo unaambiwa, unakubali, unadungwa ganzi. Na kushona vilevile kwa ganzi. Kama ganzi imeisha stoo (na huisha, sitaficha) uambiwe imeisha, si uambiwe unyamaze.

Uliuliza kama ni kawaida. Kuna utafiti ulifanywa hapa Kenya kwenye vituo 13 ukachapishwa 2015, wakina mama waliulizwa wanapotoka hospitali, mmoja kati ya watano akasema alitendewa vibaya kwa namna moja ama nyengine. Halafu 2019 jarida la Lancet likatoa utafiti mkubwa zaidi wa Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar ambapo watafiti walikaa ndani ya leba wakaangalia kwa macho yao, na ukijumlisha na wale waliohojiwa baadaye ni zaidi ya thuluthi moja. Walioumia zaidi ni wasichana wadogo na wale wenye masomo kidogo. Kwa hivyo mamako hakukosea kusema sote tumepigwa, alichokosea ni kudhani ndivyo inavyofaa kuwa.

Na kuna kitu katika huo wa Lancet ambacho mimi huwaambia wakina mama kliniki mpaka wananichoka. Matusi na kupigwa vilikuwa vingi zaidi kuanzia kama dakika 30 kabla mtoto hajatoka mpaka dakika 15 baada ya kutoka. Yaani huo ndo wakati ambao mtu wako anafaa awe amesimama pembeni yako, na huo ndo wakati anapofukuzwa nje! Mtu akikusindikiza mpaka getini halafu arudi kukuona asubuhi na chupa ya uji, ahsante yake, lkn hajakulinda. Miongozo hiyo ya WHO inasema mama awe na mwenza anayemchagua yeye mwenyewe muda wote wa uchungu na kuzaa. Nesi mmoja hujiangalia mdomo wake akiona kuna shangazi wa mtu amesimama pale.

Kuhusu nyumbani jibu langu ni hapana, na si kwa kumdharau mkunga wenu. Mtoto akitoka tu, ndani ya dakika moja, tunamdunga mama sindano ya oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, na hiyo dawa huwekwa kwa friji. Mkunga wa mtaani hana. Damu ya baada ya kuzaa haina adabu ya kungoja boti. Mama anaweza kumwaga ya kummaliza kwa saa mbili tu.

Wewe wa Pate usingoje uchungu ukushike ndo utafute boti. Ukikaribia wiki ya 38 hamia kwa jamaa, iwe Amu (mjini Lamu) ama popote penye hospitali yenye thieta ambapo unaweza kufika bila kuuliza maji yako wapi. Na kabla ya hapo nenda kliniki mchana siku ya kawaida, omba kumuona nesi in-chaji wa leba, mweleze ulivyofanywa mara ya kwanza (si lazima utaje wapi), mwambie nataka kuja na mtu wangu, nataka niambiwe kabla ya kuguswa, sitaki wanafunzi wanaume. Muombe ayaandike kwenye kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Utashangaa, ukishaijua sura ya mtu na yeye akaijua yako mambo hubadilika.

Kaka wa Mambrui

Sista umesema vizuri, lkn mimi niseme na la upande wa manesi maana dadangu ni mmoja wao. Usiku yuko peke yake, wodi imejaa, mmoja amefika mtoto anachungulia, mwengine presha iko juu anatetemeka, wa tatu anavuja damu, glavu zimekwisha, daktari yuko njiani tangu magharibi. Mshahara umechelewa. Hapo mtu akipayuka mimi naelewa. Tusiwafanye manesi wote mashetani.

Jamila paralegal

@Kaka wa Mambrui naelewa na sikukatai, na mahakama pia haikukataa. Ngoja nikupe ile kesi ya Bungoma.

Juni 2013 serikali ilitangaza kuzaa bure kwenye hospitali za umma, wakina mama wakajaa, vitanda vilevile, manesi walewale. Agosti mwaka huo huo mama mmoja akaenda kuzaa hospitali ya kaunti Bungoma, akaishia kuzaa sakafuni kwenye korido sbb hakuna kitanda, akatukanwa na kupigwa makofi na manesi. Mgonjwa mwengine akamrekodi kwa simu, nchi nzima ikaona. Akaenda kortini. Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua haki zake zimevunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5 na ikaamriwa aombwe msamaha rasmi. Na hapa ndo pako kaka yangu, mahakama haikuishia kwa manesi peke yao, ilisema serikali kuu na ya kaunti zilishindwa kutoa pesa na vifaa vya kutosha na kusimamia huduma. Kwa hiyo kusema nesi amechoka ni kweli, lkn kuchoka kwake ni deni la kaunti, si la paja la mtu.

Dada mwenye swali, ulichofanyiwa kina majina kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 28 ni heshima, 29 ni kutotendewa kikatili, 31 ni faragha, hapo ndo wanaingia huyo wa ndoo na hao wanafunzi, na 43 ni haki ya afya pamoja na ya uzazi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema huwezi kutibiwa bila kuelezwa na kukubali, ukiondoa hali chache kama dharura ambazo mgonjwa hawezi kusema. Wewe ulikuwa unasema, tena kwa sauti!

Kulalamika unaweza hata sasa. Andika barua kwa msimamizi wa hospitali, na uandike vitu si hasira. Tarehe, saa kama wakumbuka, zamu ya usiku ama mchana, nani alisema nini kwa maneno yake hasa, nani mwengine alikuwepo. "Walinitesa" haimshiki mtu. "Nilishonwa bila ganzi nikasema nasikia nikaambiwa ninyamaze" hiyo inamshika. Baki na kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu peleka Baraza la Wauguzi kama ni nesi, KMPDC (baraza la madaktari) kama ni daktari, na ofisi ya Ombudsman nayo hupokea malalamiko ya ofisi za umma bila malipo. Faili lako la kuzalia omba kopi, ni habari zako, una haki nazo.

MamaPacha Gede

Jamani na kuzuiliwa je? Mimi sikupigwa wala nini, manesi walikuwa wazuri, lkn operesheni ilileta bili tukashindwa nikawekwa wodini na mapacha mpaka mzee akauza ng'ombe. Nalala chini kitanda kishapewa mwengine.

Jamila paralegal

@MamaPacha Gede hiyo pia ilishaamuliwa. Wakina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani kule Nairobi kwa ajili ya bili walishinda kesi Mahakama Kuu mwaka 2015, ikaamriwa walipwe fidia. Deni hudaiwa kama deni, mtu hawekwi rehani. Na kwa wote, Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, ishakwisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, bima mpya ya afya ya serikali, kwa hivyo jisajilini mapema na mwezi wa kuzaa usiwakute mwahangaika na namba ya kitambulisho getini.

Jina limefichwa

Nimesoma yote mpaka nimelia, tena mbele ya mavyaa akaniuliza kuna nini. Nikamsomea ya BiMwana. Alinyamaza kisha akasema huyo aliyekufa huenda anamjua.

Nyumbani basi nshaacha. Nina khalati Amu karibu na hospitali, nitamuomba nihamie kwake. Barua sijui kama nina moyo wa kuiandika sai, labda nikishazaa, niwe nimetulia.

Lkn nauliza, huyo mwenza awe nani? Mamangu ni mpole sana, akifokewa atatoka. Mavyaa ana mdomo lkn sitaki anione vile. Na yule mkunga wa mtaani amesema yuko tayari kunisindikiza kama sitazaa kwake, hakukasirika hata kidogo.

Sista wa Malindi

Mchukue mkunga! Wallahi mtu bora kuliko huyo hutapata. Hajui kutishika na damu, anajua uchungu ukifika wapi, na wewe unamuamini. Kuna sehemu nyingi sasa wakunga wa jadi ndo wasindikizaji, hawazalishi tena lkn wanamleta mama na kukaa naye. Mwambie tu asikupe dawa za miti za kuharakisha uchungu kabla hamjafika, hizo zinaweza kupasua mfuko wa uzazi na sisi tukashindwa kuelewa nini kimetokea. Na mkitofautiana yeye na nesi asigombane pale juu ya kichwa chako, amuite in-chaji.

Mamako naye akae na khalati nyumbani apike supu ya arubaini, kila mtu ana kazi yake.

Jengine, ukiwa kule usikubali kulazwa chali saa zote kama huna shida yoyote. Simama, tembea, lala ubavu, chutama kama alivyochutama BiMwana, hata WHO wanasema mama achague anavyotaka kukaa wakati wa kusukuma. Nesi akikwambia panda kitandani kwa sbb anataka kusikiliza mapigo ya mtoto panda, akimaliza shuka.

BiMwana wa Langoni

Na leso chukua nyingi, nzee, za kujisitiri. Usibebe mpya zikatupwa chini ukaja ukalilia leso.

Kaka wa Mambrui

Swali la mwisho Sista, mke wangu naye yuko karibu. Mimi mume naweza kuingia leba niwe ndo huyo mwenza?

Sista wa Malindi

Inategemea chumba kaka. Kama leba yao ina vyumba vya kila mama peke yake, na mkeo mwenyewe akitaka uwepo, ingia, tena ni vizuri. Kama ni ukumbi mmoja na mapazia yenyewe ni ya kubahatisha basi hapana, kuna wanawake wa watu wamefunuliwa pale na stara yao ni sawa na ya mkeo. Hapo tafuta mwanamke wa kuingia naye, wewe kaa nje na simu yenye chaji na pesa ya dharura mfukoni, usiende kunywa kahawa mbali. Tukikuita kwa jambo la damu twakutaka hapo hapo.